Ploti Iliyo Juu ya Ufa

Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wameishi mtaa wa Kaptembwo. Huku watu huziba ufa kisha wakajenga ukuta juu yake, wakaupiga rangi na kutafuta mpangaji. Mvua kubwa ikinyesha na ardhi ikapasuka, mwenye ploti huamka kabla majirani hawajatoka nje, akaita mkokoteni wa mawe na udongo mwekundu wa murram, akajaza, akashindilia, na juu yake akapanda nyasi za ng'ombe. Baada ya muda mfupi pale pote ni kijani. Mnunuzi akija huambiwa, "Si unaona venye huu mchanga uko na rutuba!" Wala hakuna anayejiona mwenye dhambi, ndivyo ploti zinavyouzwa.

Wachuka na mumewe Mbugua waliuziwa rutuba ya namna hiyo na Hiram Ndegwa. Mwaka huu, mvua ya Aprili iliposhika kasi, jiko lao lilishuka chini.

Halikuanguka kwa kishindo. Wachuka alikuwa sebuleni akichambua sukuma wiki aliposikia sauti kama ya gunia la mahindi linalomwagwa. Alipofungua mlango wa jikoni, hakukuwa na jikoni. Meza, makaa, debe la unga na kuku aliyekuwa akilalia mayai, vyote vilikuwa vimekwenda, na ukuta wa nyuma ulining'inia kwa mabati tu. Akajishika kwenye fremu ya mlango, akachungulia.

Lilikuwa shimo refu, jembamba, lenye kingo za udongo wa kijivu, yale majivu mepesi ya volkano ya Menengai ambayo mji mzima umeyakalia. Lakini si udongo uliomfanya amsahau kuku wake. Humo ndani aliona matairi, magunia ya saruji yaliyooza, vifusi, na sinki la choo lililovunjika. Mungu aliumba mengi, ila hakuumba ardhi yenye sinki la choo ndani yake. Kuna mtu aliyelijua lile shimo, akalijaza, akapanda nyasi, kisha akasimama hapo hapo akitabasamu na kupokea pesa zao.

"Hiram," Wachuka alisema peke yake, na jina likamkaa mdomoni kama uchungu wa mwarobaini.

*

Hiram alikuwa ng'ambo ya barabara, upande wa kaskazini, akisimamia ghorofa yake mpya. Ilikuwa jengo refu kuliko yote mtaani, limebakia kupakwa rangi na kuwekwa milango, na wapangaji walikuwa wamekwisha kulipia vyumba. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, sahani ya nyama ya kuchemsha mapajani. Juu ya jukwaa mafundi walikuwa wakipiga plasta, na Mbugua alikuwa miongoni mwao. Naam, Mbugua alikuwa fundi wa Hiram. Mtu akikuuzia ploti na kukumaliza mfukoni, huna budi kumfanyia kazi.

"Mzee Hiram, ile ploti ulituuzia iko na ufa," Wachuka alisema. Hakuambiwa aketi.

"Nani amesema?"

"Nimeona na macho yangu. Jikoni imeingia chini. Kuna sinki ya choo huko ndani."

Miiko ilinyamaza juu ya jukwaa. Hiram alimalizia kutafuna, akameza, akapangusa vidole.

"Sinki ya choo? Sasa Mama Sue, umekuja kunirudishia?"

Mafundi wakacheka. Mbugua hakucheka, lakini alitabasamu, lile tabasamu la mtu anayelipwa na yule anayemcheka. Wachuka aliliona.

"Mlikuja mkaangalia hiyo ploti. Mkaona nyasi, mkapenda," Hiram aliendelea. "Sasa ardhi ikipasuka ni mimi? Ardhi ni ya Mungu, mathe. Enda umshtaki Mungu." Kisha akainua sauti ili hata walio barabarani wasikie. "Lakini mimi si mtu mbaya. Hapo nyuma kuna mawe yamebaki. Chukueni wheelbarrow, mbebe, mjaze. Bure kabisa! Mbugua! Bebea mama mawe saa ya lunch. Lakini usichelewe kurudi."

Na Mbugua akayabeba. Wachuka alitembea mbele, mumewe nyuma akisukuma mawe ya sadaka, gurudumu likilia njia nzima, na mtaa wote ukatoka milangoni kutazama. Yapo matusi ambayo mtu hutukanwa, akalala, akaamka ameyasahau. Hili la kupewa mawe ya kufukia jiko lako mwenyewe, kisha ukatarajiwa kusema asante, halikuwa mojawapo. Kuanzia siku ile Wachuka alimchukia Hiram chuki safi isiyotiwa maji. Kanisani waumini walipofika pale pa kusamehe waliotukosea, alifunga mdomo, akawangoja wamalize, ndipo akajiunga nao tena kwenye amina.

*

Wiki hizo hizo alikuja msichana mmoja anayeitwa Chepchumba, mtaalamu wa miamba, akiwa na wenzake wawili na gari lililojaa nyaya. Walitumwa kuchora ramani ya chini ya mji kabla ya mpango mpya wa jiji kupitishwa. Walikuwa wakipigilia vyuma ardhini kando ya barabara, wakaviunganisha kwa nyaya, wakapitisha umeme na kusoma kwenye kompyuta jinsi ardhi ilivyolala. Kisha chifu akaita baraza kwenye uwanja wa kanisa ili Chepchumba azungumze na wenye ploti.

"Tunataka kujua jiji letu limekalia nini," Chepchumba alisema. Alikuwa mwembamba, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Palipo na mwamba, jengeni ghorofa mpaka mchoke. Palipo na ufa tunaacha wazi. Tunapanda miti, tunaweka njia ya watu, uwanja wa watoto. Na maji ya mvua tunayapitishia kwingine, kwa sababu ni maji ndiyo hubeba haya majivu na kuacha nyumba zikielea. Vyombo vyangu vinaona, lakini si kila mahali. Kuna geti nimebisha, nikaambiwa kuna mbwa." Watu walimtazama Hiram, kisha wakajifanya wanatazama kwingine. "Kwa hivyo nawauliza nyinyi. Ni nani ameona ardhi ikipasuka hapa?"

Kila mtu pale alikuwa na nyasi zake, na kila mwenye nyasi alijua za mwenzake. Hiram akasimama, akarekebisha koti.

"Madam, huku kwetu ardhi ni mzuri sana. Mimi niko na choo tangu nijenge nyumba za kwanza. Haijawahi kujaa! Lori ya exhauster haijawahi kanyaga kwangu kunyonya."

Watu wakampigia makofi. Huku kwetu choo kisichojaa ni baraka inayoshindana na hatimiliki. Mwenye nacho hukitaja hata kwenye harambee.

"Hakijai kabisa?" Chepchumba aliuliza.

"Kabisa!"

"Na hiyo choo ya watu wote hao inaenda wapi?"

"Si inaenda chini."

Kicheko kikapita uwanjani. Chepchumba aliungoja uwanja utulie.

"Na maji ya kunywa mnayachota wapi?"

Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya maji akaiweka chini polepole. Wachuka aliona nafasi yake, akaanza kuinuka, lakini mkono wa Mbugua ukamshika kiwiko na kumrudisha kitini.

"Tafadhali," Mbugua alinong'ona. "Tutaongea nyumbani."

*

Nyumbani Mbugua alikuwa amekwisha kulijaza shimo kwa yale mawe, akainua ukuta, na sasa alikuwa akilainisha sakafu mpya ya saruji. Ilikuwa sakafu nzuri. Ukiingia usingejua kwamba chini yake hamna kitu.

"Kuna mteja," alisema bila kuinua kichwa. "Kijana anaitwa Jeff, ana duka la simu kule mtaa wa Free Area. Anataka mahali pa kuweka bibi akioa. Akinunua, tunatoka hapa. Tunatafuta ploti Naivasha, karibu na Sue wetu anapofanya kazi, tunaanza upya."

"Umemtoa wapi huyo?"

Mbugua alilainisha mahali palipokuwa laini tayari. "Hiram ndiye amemleta."

"Hiram?"

"Anachukua tu kitu kidogo ya kutuunganisha."

"Ametuuzia shimo, akala. Sasa anataka kula hiyo shimo mara ya pili?"

"Wachuka, hasira hasara. Unataka tufanye nini? Tukae hapa tukingoja kitanda nayo ishuke?"

"Na huyo kijana? Na bibi yake?"

"Nao watajaza!" Mbugua aliuinua mwiko kwa uchovu. "Kila mtu hujaza. Ufa si kitu ukijaziwa vizuri. Hata chini ya ghorofa ya Hiram, tukichimba msingi tuliupata. Tulimwaga mawe wiki nzima, yanaingia tu, hata hatusikii yakigonga chini. Akasema mwagieni zege juu. Na si imesimama?"

Maneno yalipokwisha kumtoka ndipo Mbugua alipoyasikia. Alimtazama mkewe kwa hofu. Wachuka alichukua birika na kummiminia chai.

"Ni kweli unavyosema, Baba Sue," alisema kwa upole. "Mwambie mteja aje Jumamosi. Na Hiram aje pia, asipoteze haki yake."

Mume aliyekaa na mke miaka yote hiyo angepaswa kuuogopa upole ule kuliko kelele. Mbugua alikunywa chai yake akamshukuru Mungu.

Asubuhi Wachuka alimkuta Chepchumba kando ya barabara akikunja nyaya.

"Madam, nikikuonyesha ufa mahali pamoja, utajua unaelekea wapi?"

Chepchumba alisimamisha kazi. "Nikiuona kwa macho, nikaunganisha na vipimo vya pande zote mbili, ndiyo. Uko wapi?"

"Na ukiwa umeenda chini ya ghorofa?"

"Ujenzi unasimamishwa. Hakuna mtu atahamia."

"Hata kama mwenyewe ametia pesa yake yote?"

"Hata kama." Chepchumba alimtazama vizuri sasa. "Mama, huo ufa uko kwako?"

"Uko kwangu."

"Basi nikuambie ukweli, ili baadaye usiseme nilikudanganya. Nikiuandika, hutajenga hapo tena. Hutauza. Kuhusu fidia, mimi sijaambiwa lolote, na siwezi kukuahidi nisichokijua. Mstari wa ufa haurukii nyumba ya mtu kwa sababu ni mtu mzuri."

"Mimi nilikuuliza juu ya ghorofa," Wachuka alisema. "Kuja Jumamosi mchana. Kutakuwa na chai."

Ingependeza kusema kwamba aliwafikiria wale wapangaji waliokuwa wakifunga mizigo, au kijana wa Free Area na mchumba wake. Ndivyo majirani walivyosema baadaye, wale wachache waliomtetea. Ukweli ni kwamba hakuwafikiria hata kidogo. Alimfikiria Hiram juu ya kiti chake cha plastiki, akitafuna.

*

Jumamosi Hiram alikuja amevaa kofia mpya. Jeff alikuwa kijana mpole, viatu vyake vyeupe, na kila alichoonyeshwa alikisifu. Hiram alimtembeza nyumba nzima kana kwamba ni yake. Walipofika jikoni akaigonga sakafu kwa kisigino.

"Sikia hiyo! Hii ni kazi ya fundi wangu. Hapa hata uweke trekta."

"Iko poa sana," Jeff alisema. "Mathe, mbona mnauza kama iko poa hivi?"

"Watoto wamekua, wanataka kuwa karibu na—" Mbugua alianza, lakini hodi ilisikika mlangoni. Chepchumba aliingia na wenzake, tochi mkononi. Hiram alimwona, na kofia yake mpya ikawa kama imempwaya.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Ni mgeni wangu," Wachuka alisema. "Karibu, madam. Simameni kando kidogo."

Alichukua sururu iliyokuwa nyuma ya mlango, akaiinua kwa mikono miwili, akaishusha katikati ya sakafu mpya. Mbugua alipiga kelele kama aliyepigwa yeye. Pigo la kwanza lilitia alama tu. La pili likatoa mpasuko. Wachuka aliendelea kupiga, na kila alipopiga alijisikia vizuri zaidi kuliko alivyojisikia tangu Aprili. Kisha kipande kizima cha saruji kikamegeka na kuzama, mawe ya sadaka yakakifuata, na wote wakayasikia yakienda, yakienda, wala hawakusikia yakifika. Hewa ya baridi ikapanda kutoka chini. Viatu vyeupe vya Jeff vilirudi nyuma mpaka ukutani.

"Hii ndiyo ulikuwa unanunua, kijana," Wachuka alisema akihema. "Nasi tulinunua hivyo hivyo."

Chepchumba alipiga magoti ukingoni, akamulika, akashusha utepe wa kupimia, akaangalia dira. Aliangalia mara ya pili. Kisha akauinua uso kuelekea dirishani, na wote wakatazama alikotazama. Ng'ambo ya barabara, kaskazini kabisa, ghorofa ya Hiram ilikuwa imesimama ikimeta kwa plasta mpya.

"Huyu mama ni mgonjwa wa akili," Hiram alisema haraka. "Kila mtu anajua. Kwangu hakuna ufa. Mbugua ndiye alichimba msingi, muulizeni. Mbugua! Mwambie madam kama kwangu kuna ufa. Na umwambie vizuri, kama bado unataka kazi Jumatatu."

Hili Wachuka hakulipanga. Alikuwa amejiandaa kulisema mwenyewe. Macho yote yalimgeukia Mbugua. Alikuwa akiitazama sakafu yake, kazi yake ya mikono, ilivyofumuliwa. Alipozungumza, hakuzungumza kishujaa. Alizungumza kwa sauti ile ile ya kumwomba bosi ruhusa.

"Boss, si tulijaza wiki nzima?"

Jeff aliusogelea mlango, akatoka. Hiram alivua kofia, akaishika kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Wachuka amjue, alimwita bila kejeli.

"Mama Sue. Sisi ni majirani. Tuongee kama watu wazima. Nitawarudishia pesa ya ploti. Yote. Na ya nyumba juu. Leo hii, tukitoka hapa tunaenda benki. Madam naye aandike ya hapa kwenu tu. Ya ng'ambo aachane nayo. Tafadhali."

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu walichopoteza. Ploti, nyumba, Naivasha, mwanzo mpya, vyote vilikuwa katika mkono wa mwanamume yule aliyeshika kofia. Mbugua alimgeukia mkewe, macho yamejaa maji, midomo ikisema "kubali" bila sauti. Chepchumba naye alimtazama, akiukunja utepe wake wa kupimia. Bila Mbugua kurudia maneno yake ofisini, kule ng'ambo kungekuwa na mabishano ya miaka.

Wachuka aliitazama ile kofia kifuani mwa Hiram. Vidole vyake vilikuwa vikiuminya ukingo wake, na alitamani amwone akiomba kidogo zaidi.

"Madam," alisema, "andika yote. Na mume wangu atakuja kurudia alichosema. Akikataa, nitakuja mimi."

*

Walikuja na rangi nyekundu katikati ya wiki, maafisa na askari wawili. Alama ya X, ile ya nyumba za kubomolewa, kwenye ghorofa ilikuwa kubwa kuliko mtu. Getini wapangaji walikuwa wamejaa na risiti zao mikononi, wakimwita Hiram kwa majina ambayo hayafai kutajwa, na mwanamke mmoja mjamzito alikuwa ameketi juu ya godoro lake katikati ya barabara akikataa kuinuka. Mstari haukuishia hapo. Ulichora X kwa jirani wa kushoto, mjane asiyekuwa na mtu wa kumtegemea. Ukachora kwa mzee wa kanisa. Kila aliyepata X alitoka nje, akageuka akautazama mlango wa Wachuka, na hakuna aliyemsalimu.

Walipofika kwake, Chepchumba alichukua brashi kutoka kwa afisa, kisha akasita.

"Tunaweza kungoja, mama. Utoe vitu kwanza. Hakuna haraka kwa nyumba yako."

Hiram alikuwa amewatoroka wapangaji, akavuka barabara. Kofia haikuwapo. Shati lilikuwa limechanika begani.

"Haya, furahi!" alimpigia Wachuka kelele. "Umenimaliza! Lakini na wewe umejimaliza! Huna ploti, huna pesa, huna kitu! Umepata nini?"

Wachuka alinyoosha mkono, akampokonya Chepchumba brashi. Akaichovya kwenye rangi na kuichora X mwenyewe katikati ya mlango wake, taratibu, huku akimtazama Hiram machoni na si mlango, hata mkono mmoja wa alama ukapinda.

"Mimi nilianguka Aprili, Hiram," alisema. "Nimekuwa huku chini nikikungoja."

Wapangaji wakamwona Hiram, naye akakimbia.

Mbugua alikuwa juu ya paa aking'oa mabati, kwa kuwa mabati yangeweza kuuzwa. Alikuwa amesikia yote. Alishuka ngazi, akasimama mbele ya mkewe. Hawakuwa wamezungumza tangu arudi kutoka ofisini kwa Chepchumba, alikokwenda kurudia maneno yake.

"Angeturudishia," alisema. "Sasa tungekuwa na mahali petu. Umeridhika?"

Wachuka alingoja moyo wake ujibu. Alidhani utasema hapana, kama inavyosemwa kwenye mahubiri.

"Ndiyo," alisema.

Mbugua alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei asiyoiweza. Aliweka nyundo chini, akachukua begi lake lililokuwa karibu na mlango, akashika njia ya kwenda kwa kaka yake Free Area bila kugeuka. Wachuka alimtazama mpaka alipopotea kati ya watu. Kisha akaokota nyundo, akajifunga leso kiunoni na kupanda ngazi. Kutoka juu ya paa alimwona Hiram amezingirwa ukutani kwa ghorofa yake, mikono juu, akiapa. Wachuka aliketi juu ya mabati, akaiacha misumari ingoje, akaendelea kutazama.